Papa Hujifunza Nini Tunapomlisha?

Somo kwa manahodha, waongoza watalii, wazamiaji na wanachama wa BMU

Mwaka jana, katika safari ya kupiga picha za jarida hili, nilipanda boti ya kioo iliyotoka Shimoni kuelekea miambani. Nahodha alikuwa hata hajazima injini pale samaki wadogo wenye milia myeusi walipoanza kujaa ubavuni, kama kuku wanaomwona mama akitoka jikoni na ungo. Hakuna aliyekuwa ametupa kitu. Kijana wa boti alikuwa na mkate mkavu mfukoni, lakini mfuko ulikuwa bado umefungwa. "Wanaujua mlio," nahodha alinieleza akicheka. Wageni walifurahi, picha zikapigwa, nami nikapiga zangu.

Nilirudi ofisini na swali moja. Ikiwa samaki wa ukubwa wa kiganja amejifunza kwamba mlio wa injini maana yake ni mkate, papa wa mita tatu angejifunza nini?

Swali hili si la mzaha. Wageni wanaofika Diani, Wasini na Shimoni siku hizi wamekwisha kuona kwenye simu zao video za wazamiaji wa Bahamas wakiwapa papa samaki kwa mkono. Baadhi yao humuuliza nahodha wetu kwa nini yeye hawezi. Nahodha naye ana mafuta ya kulipia, ana mikopo, na mgeni aliyemwona papa hutoa bakshishi nzuri kuliko aliyeona matumbawe peke yake. Kabla hatujafika mahali pa mtu kubeba ndoo ya matumbo ya samaki, ni vyema tujue yaliyowapata waliotangulia.

Papa ana kumbukumbu

Kwetu Pwani wengi tunamfahamu papa zaidi akiwa mkavu sokoni au akiwa kwenye mchuzi wa nazi kuliko akiwa hai. Labda ndiyo maana tunamwona kama mdomo wenye meno tu, usio na akili. Hata wanasayansi waliwahi kufikiri hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Mmarekani Eugenie Clark alikuwa akiongoza maabara ndogo ya bahari katika jimbo la Florida. Aliwaweka papa wa aina ya lemon katika kizimba cha baharini, akateremsha ubao mweupe majini. Papa akiugusa ubao kwa pua, kengele inalia, kisha anapewa kipande cha samaki. Baada ya majuma kadhaa, papa walikuwa wakienda wenyewe kuusukuma ubao na kungoja malipo yao. Ikaja miezi ya baridi, papa wakapoteza hamu ya kula na mazoezi yakasimama. Maji yalipopata joto na ubao ukarudishwa, papa walikuwa hawajasahau. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1959, na tangu hapo hakuna mtaalamu anayebisha kwamba papa anaweza kufundishwa.

Tuangalie kwa makini alichojifunza papa yule. Hakumpenda Bi Clark wala kumchukia. Alijifunza kuunganisha vitu viwili: ishara na chakula. Ishara ilikuwa ubao. Baharini, ishara yaweza kuwa mlio wa injini, mahali fulani penye mwamba, saa fulani ya siku, mapovu yanayotoka kwenye mtungi wa mzamiaji, au mkono wa mtu ulionyooshwa.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husemwa kwamba papa akilishwa "anaonja" na kuanza kumwona binadamu kama chakula. Hakuna ushahidi mzuri wa jambo hilo. Hatari yenyewe ni nyingine, nayo haihitaji papa awe na nia mbaya. Papa anaposikia ishara, huja. Anapokuja, hutarajia kupewa. Na mzamiaji wa kesho, asiye na samaki wala habari, anafika akiwa na ishara zote zilezile: boti ileile, mapovu yaleyale, mikono miwili ileile.

Mkazi wa Diani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anawajua tumbili wa hotelini. Tumbili aliyepewa ndizi na mgeni wa jana hamngojei mgeni wa leo atoe. Anapanda mezani na kuchukua. Hakuna aliyemfundisha wizi. Alifundishwa kwamba mtu kwenye kiti, karibu na sahani, ana chakula.

Yaliyoonekana Moorea na Afrika Kusini

Katika kisiwa cha Moorea, Polinesia ya Ufaransa, wazamiaji walikuwa wakiwalisha papa wa jamii hiyohiyo ya lemon ili watalii wawaone. Kati ya mwaka 2005 na 2009 watafiti walizamia mara nyingi mahali hapo, wakimtambua kila papa kwa alama za mapezi yake na kuandika alichofanya. Waliona baadhi ya papa wakizidi kukaa karibu na eneo la kulishia. Waliona pia ugomvi ukiongezeka kati ya papa wenyewe kwa wenyewe.

Ugomvi huo unapaswa kumhusu mzamiaji. Papa wanaoshindania kipande kimoja huzunguka kwa kasi, hugongana na huuma haraka bila kuchagua. Mtu aliye katikati yao anaweza kuumwa pasipo papa yeyote kumlenga. Anayelisha ndiye aliye karibu zaidi na mdomo, na mkono wake unanuka samaki uleule anaoushika.

Kutoka Afrika Kusini tunapata funzo la namna nyingine. Kule watalii huteremshwa ndani ya kizimba cha chuma ili wamwone papa mkubwa mweupe, na boti huruhusiwa kumwaga majini mchuzi wa samaki ili harufu imvute papa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba papa wengi hawakubadilika tabia kwa kunusa tu. Wanafika, wanazunguka, hawapati kitu, wanakwenda zao, na safari nyingine huja kwa uvivu zaidi au wasije kabisa. Waliobadilika ni wale wachache waliofanikiwa kukinyakua chambo mara kwa mara. Hao walizidi kuja haraka na kukaa muda mrefu.

Kwa maneno mengine, harufu isiyo na malipo haifundishi mengi. Malipo yanayorudiwa ndiyo yanayofundisha. Ndiyo maana masharti ya kule yanawataka wenye boti wavute chambo kabla papa hajakishika. Najua nahodha mmoja atasoma hapa na kusema, "Basi tumwage mchuzi tu, tusimpe nyama." Asubiri kidogo. Afrika Kusini mgeni yumo ndani ya chuma, na boti zinazofanya kazi hiyo ni chache zenye vibali. Kwetu mgeni anaogelea na jaketi la kuokolea maisha, na mita mia mbili kutoka hapo kuna watoto wanaoogelea na mvuvi anayepiga mbizi kutafuta pweza.

Desemba ya Sharm el Sheikh

Mji wa Sharm el Sheikh, Misri, unaishi kwa wazamiaji kama vile Diani inavyoishi kwa wageni wa ufuoni. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi tarehe 5 Desemba 2010, watalii wanne walijeruhiwa vibaya na papa, na wa tano, mama mzee kutoka Ujerumani, akafariki. Yote yalitokea ndani ya wiki moja. Serikali ilikuwa imefunga fuo, papa wawili wakavuliwa na kuuawa, fuo zikafunguliwa tena, kisha ndipo kifo kile kikatokea.

Wataalamu walioitwa kuchunguza hawakutaja sababu moja. Walitaja uvuvi uliopunguza samaki ambao papa huwategemea, mizoga ya mifugo iliyotupwa baharini kutoka melini, joto la maji lisilo la kawaida, na watu waliokuwa wakilisha samaki na papa kinyume cha kanuni. Hatuwezi kusema kulisha pekee ndiko kulikoua. Lakini kila sababu katika hizo, ukiondoa joto, ni chakula: ama kimeondolewa mahali kilipokuwa, au kimewekwa mahali kisipopaswa kuwa. Na waliolipia hawakuwa waliokitupa.

Ukweli una upande wa pili

Singetenda haki kama ningeficha utafiti usiokubaliana na hofu hii. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa setilaiti papa wakubwa wenye milia, ambao Waingereza huwaita tiger. Walilinganisha wale wa Florida, ambako wazamiaji walipigwa marufuku kulisha tangu mwaka 2001, na wale wa Bahamas, ambako wanalishwa. Walitarajia wa Bahamas wawe wamekaa palepale kama mbwa wa buchari. Kinyume chake, hao ndio waliosafiri mbali zaidi katika bahari ya Atlantiki. Kulishwa hakukuwa kumewafunga.

Huko Fiji nako, tangu mwaka 2004 kuna hifadhi ndogo ya papa ambapo wanavijiji waliacha haki yao ya kuvua mwambani, na kila mzamiaji hulipa ada inayorudi kijijini. Papa wanalishwa kwa mkono pale. Wanaolisha ni watu waliofunzwa, wazamiaji wengine hupangwa nyuma ya ukuta wa mawe, mahali ni pamoja na utaratibu haubadiliki. Papa wale bado huondoka msimu wao wa kuzaliana unapofika.

Mtu anaweza kuniuliza, kwa nini basi Kwale tusifanye kama Fiji? Jibu langu, na ni la kwangu mimi mwandishi, ni kwamba kinachofanya kazi Fiji ni ule utaratibu: mwamba mmoja, mwenyeji mmoja, uvuvi umesimama, na kila mtu anajua nani analisha, lini na wapi. Ufuo wenye boti nyingi zinazogombania wageni hauwezi kuwa hivyo. Boti moja ikimwaga ndoo leo, ya pili itamwaga mbili kesho.

Papa shilingi: Oslob au Ningaloo?

Papa atakayetuletea mtihani huu kwetu huenda asiwe mwenye meno ya kutisha. Ni papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana nje ya miamba yetu hasa msimu wa kaskazi. Wazee husimulia kwamba Mungu alipomwumba alipendezwa naye mno, malaika wakammwagia shilingi mgongoni. Ndiyo yale madoa meupe. Hula viumbe wadogo mno wanaoelea majini, mayai ya samaki na dagaa. Hana haja na mtu. Tangu mwaka 2016 amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Katika kijiji cha Tan-awan, mji wa Oslob nchini Ufilipino, wavuvi walikuwa wakimrushia papa huyu uduvi ili asiingie nyavuni. Watalii wakasikia, na kufikia mwaka 2011 kulisha kukawa biashara ya kila asubuhi. Wavuvi hukaa kwenye mitumbwi midogo yenye mbawa kama ngalawa zetu, wakitupa uduvi kiganja kwa kiganja, huku papa wamesimama wima majini, midomo wazi, na wageni wakiogelea pembeni. Kabla ya janga la Korona walikuwa wakifika wageni mamia ya maelfu kwa mwaka. Pesa iliingia, nyumba zikajengwa, watoto wakaenda shule. Hilo si jambo la kudharauliwa, na mwenye kulidharau hajawahi kurudi nyumbani na ndoo tupu.

Lakini papa wamebadilika. Watafiti waliowatambua mmoja mmoja kwa madoa wamegundua kwamba wanaolishwa hukaa pale muda mrefu kuliko wasiolishwa, wengine miezi mingi, ilhali papa shilingi kwa asili ni msafiri. Wanazidi kuzoea kuguswa na kugongwa. Kwingine papa shilingi akisogelewa na boti huzama; hawa huifuata. Wengi wana makovu, yakiwemo ya kukatwa na propela. Mitumbwi ya kulishia hupigwa kafi, haina injini. Ndiyo maana watafiti wanahofia kwamba somo alilofundishwa mahali salama, kwamba boti ni chakula, analipeleka mahali penye injini.

Sasa tazama mwamba wa Ningaloo, magharibi mwa Australia. Papa shilingi hufika huko wenyewe kuanzia Machi, matumbawe yanapotoa mayai na maji kujaa chakula. Hakuna anayewalisha. Ndege ndogo huwatafuta kutoka juu na kuwaelekeza manahodha. Boti moja tu ndiyo huruhusiwa karibu na papa mmoja kwa wakati mmoja, nayo isikaribie chini ya mita 30. Waogeleaji hawazidi 10 majini, na hukaa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani. Wageni huambiwa mapema kwamba huenda wasimwone. Biashara hiyo imedumu tangu miaka ya 1990.

Ukiwa mwenye boti wa Diani, tofauti ya mifano hii miwili iko kwenye kile unachomwuzia mgeni. Oslob humwuzia uhakika wa kumwona papa. Ningaloo humwuzia nafasi ya kumwona, na humweleza hivyo kabla hajalipa.

Na mkate je?

Turudi kwa samaki wale wa milia. Wengi huona mkate hauna neno. Kanuni za wageni za hifadhi za KWS zinakataza kulisha wanyama, na hazisemi wanyama wakubwa tu. Samaki wa mwambani ana kazi yake: mmoja hutafuna majani yanayosonga matumbawe, mwingine hula wadudu. Akishinda akingoja boti, kazi hiyo hailali. Tena umati wa samaki wadogo wanaopapatika juu ya maji ni sauti na harufu ambayo samaki wakubwa huisikia kutoka mbali. Kwa sasa tunaona wadogo tu, na nadhani ndiyo maana tumezoea.

Nini kifanyike kwenye boti

Mgeni akiomba papa aitwe, mwambie ukweli: hapa hatuwalishi, kwa sababu wewe unaingia majini nao. Nimewasikia waongozaji wawili wakilisema hilo kwa Kiingereza chepesi na mgeni akatikisa kichwa kwa heshima. Mgeni anayejitolea kutupa mkate wake mwenyewe azuiwe vilevile, kwa upole, hata kama ndiye aliyelipia boti nzima.

Usisafishe samaki wala kutupa matumbo karibu na mahali watu wanapozamia au kuogelea. Samaki wa chakula cha mchana asafishwe pwani, na mabaki yafukiwe. Mvuvi na mzamiaji wakikutana mwamba mmoja, mwenye samaki wanaotoka damu apewe nafasi amalize na aondoke kwanza ndipo wageni washuke. Mzamiaji akiona papa anamzunguka na kumkaribia zaidi kila mara, asinyooshe mikono. Aikunje kifuani, amtazame papa, akae na wenzake na wapande taratibu.

Papa shilingi akionekana, punguza mwendo mapema, kisha weka injini huru kabla ya kumkaribia. Usimkate mbele. Boti ya kwanza ikishashusha watu, ya pili ingoje mbali hata kama wageni wake wananung'unika. Asiguswe, na asipigwe picha kwa mwanga wa ghafla usoni.

Ndani ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti mwenye mamlaka ni KWS, na maafisa wake ndio wa kuarifiwa mtu akionekana akimwaga chambo. Nje ya hifadhi, katika maeneo ya uvuvi yanayosimamiwa na BMU, taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa BMU au kwa afisa wa uvuvi wa kaunti aliye karibu. Ukiwa na taarifa, andika tarehe, saa, jina la mwamba na alichofanya papa: je, alikuja kabla injini haijazimwa au baada yake?